Baridi ya Kwa Shemsa

Jumatatu, 18 Desemba

Mafuta ya nazi yameganda tena. Nimeiweka chupa kibarazani nyuma ipate jua, ndipo nikaweza kupaka miguu. Siku ya sabini ya eda. Nimefua, nimeanua, nimepika wali wa mtu mmoja. Nimekula nusu.

Baada ya magharibi nimefungulia utabiri wa hali ya hewa. Marehemu Khalfan alitia dishi juu ya paa kwa ajili ya mpira. Mimi nalitumia kutazama hewa ya Uskochi. Binti yangu Shemsa yuko huko, kaskazini. Mumewe, Hilal, anafanya kazi kwenye mtambo wa mafuta katikati ya bahari, wiki mbili huko, wiki mbili nyumbani. Shemsa kajifungua mwisho wa Novemba. Mtoto wa kiume, kapewa jina la babu yake. Babu mwenyewe kafa Oktoba. Hawakuwahi kuonana.

Mimi ndiye niliyetakiwa kuwa huko sasa hivi, nimkande kwa maji ya moto, nimfukize, nimtoe arubaini yake. Badala yake nimekaa ndani ya nyumba hii Al Khuwair, huku kwa Waarabu, na sitoki mpaka eda iishe Februari.

Bwana wa utabiri ameonyesha mishale ya buluu inateremka kutoka Ncha ya Kaskazini. Mwisho wa wiki, kasema. Akatabasamu. Sikumpenda.

Jumanne, 19 Desemba

Kengele ya geti imelia saa nne asubuhi. Nimekurupuka, nimejitanda, nimefika mlangoni hakuna mtu. Dereva wa wifi yangu Zuwena kaacha mifuko, kaondoka. Nyanya, mkate, samaki wawili. Huyo ndiye mgeni wangu wa leo.

Wiki ya mwanzo watu walijaa mpaka viatu vikapoteana mlangoni. Nilitamani waondoke. Wameondoka.

Ndiyo sababu ya daftari hili. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Vijana wa ukoo huu wanakisema lakini kukisoma hawawezi, kwa hiyo naweza kumsema yeyote nimtakaye. Nitaanza na Zuwena nikipata nguvu.

Mishale ya buluu imekuwa minene.

Jumatano, 20 Desemba

Shemsa kapiga simu. Nimemuuliza hewa. Nzuri, Mama, kibaridi kidogo tu. Muongo. Nimeiona ramani kwa macho yangu, mji wake umo ndani ya buluu tupu.

Naye kaniuliza niko na nani. Nikamwambia nyumba imejaa, Zuwena kaja na wanawe, hata mahali pa kukaa sina. Nikaipandisha sauti ya televisheni ili asikie watu. Sijui nimejifunza wapi ujanja huu uzeeni.

Nimemuuliza kama anajifukiza. Kila siku, kasema. Hilal alipokuja kumzika mkwewe nilimpa chetezo, ubani na makaa, nikavifunga mwenyewe ndani ya begi lake. Hicho ndicho kitu pekee ninachomlelea mwanangu uzazi wake kutoka huku. Nimeona fahari. Kidogo.

Alhamisi, 21 Desemba

Leo wametoa utabiri wa mkoa mmoja mmoja. Nimeuandika nyuma ya bahasha. Kaskazini: theluji, digrii kumi na mbili chini ya sifuri, upepo wa maili sabini kwa saa. Helikopta za baharini haziruki. Hilal alikuwa arudi nchi kavu kesho. Harudi.

Kwa hiyo Shemsa yuko peke yake na mtoto wa wiki tatu.

Nimempigia Zuwena. Nimemwambia nataka kwenda. Pasipoti yangu ina visa, tuliiomba pamoja mimi na Khalfan kabla hajaugua.  Kisha akaniambia: "Nasra, kaka yangu hata miezi mitatu hajamaliza kaburini." Nikamwambia kaka yako angeshafika uwanja wa ndege zamani. Akasema watu watasemaje. Nikamuuliza watu gani, maana mimi siwaoni. 

Tumeagana kwa adabu. Nimelia jikoni kwa hasira wala si kwa huzuni.

Hapa nako upepo wa kaskazini unavuma, geti linajigonga. Redio imesema digrii kumi na saba na mimi nimevaa sweta ya Khalfan juu ya kanga mbili. Kumi na saba. Nimejionea haya.

Ijumaa, 22 Desemba

Imefika. Shemsa kapiga adhuhuri, kwao asubuhi, sauti yake si yake. Umeme umekatika tangu alfajiri. Hita ni za umeme, jiko la umeme, kila kitu cha umeme. Theluji imeziba mlango hadi kwenye kitasa. Mtoto kamfunga ndani ya nguo zake mwenyewe, ngozi kwa ngozi, na bado mikono yake baridi. Safari hii hakusema kibaridi kidogo.

Nimepata nguvu ghafla. Nilijua la kufanya. Miezi yote hii hakuna aliyeniuliza kitu ninachokijua. Nikamwambia awashe makaa kwenye chetezo, mengi, yapate kuiva. Ayaingize chumba kidogo. Afunge dirisha na mlango, azibe kwa taulo chini ya mlango upepo usipite. Alale humo na mtoto. Bibi yangu alimlea mama yangu hivyo, mama akanilea mimi hivyo.

Kaniambia ngoja. Baada ya kitambo karudi kwenye simu. "Nimeshawasha, Mama. Pamepata joto. Usijitie wasiwasi."

Nimesali rakaa mbili za shukrani. Nimekula sahani nzima leo.

Jumamosi, 23 Desemba

Asubuhi nimepiga, simu haiiti. Nimepiga tena. Haiiti. Mlio mrefu kisha kimya. Nguzo zimeanguka, nikajiambia.

Saa saba habari za dunia. Upepo, miti, magari yamefunikwa. Kisha bwana yule yule wa utabiri, safari hii hatabasamu. Kaonya waliokosa umeme wasiwashe makaa ndani ya nyumba zilizofungwa. Sumu yake haionekani wala hainuki. Mtu anasinzia tu. Watu wa nyumba moja wamekutwa wamelala asubuhi, wamepelekwa hospitali, mmoja hakuamka.

Nimekaa chini sakafuni. Kiingereza nakijua, nimepiga chapa barua za wizara miaka kumi na sita. Nimeelewa kila neno.

Taulo. Mimi ndiye niliyesema taulo.

Unguja nilikokulia tuliwasha makaa ndani ya nyumba siku zote. Lakini madirisha yalikuwa wazi usiku na mchana, mapaa yana matundu, hata mlango wa mbele ulifungwa kwa jina tu. Hapa pia, nyumba hii ya madirisha ya alumini inavuja upepo kila pembe. Nyumba ya Shemsa niliwahi kuiona kwenye picha. Madirisha ya vioo viwili viwili. Khalfan aliisifu. Alisema hata sauti haipiti.

Sikuwahi kuliwaza hilo. Nilikuwa nimefurahi kuulizwa.

Nimepiga mara thelathini, pengine zaidi. Nimempigia Zuwena, nimemwomba amtafute yeyote wa kampuni ya Hilal. Ofisi zimefungwa kwa sikukuu yao. Sikumwambia juu ya makaa. Sitaweza kumwambia mtu.

Jumapili, 24 Desemba

Hakuna simu.

Labda simu yangu ndiyo mbovu. Hilo limeniingia kichwani baada ya alfajiri na halikutoka. Saa mbili asubuhi nimevaa buibui, nimefungua geti, nimetoka. Siku ya sabini na sita. Nimepita mbele ya nyumba tatu, mchana kweupe. Dereva mmoja kanitazama. Na atazame.

Nimegonga kwa mwanamke wa mji wa Sur anayekaa pembeni. Miaka minane majirani, sijawahi kuingia kwake. Nimemwambia kwa Kiarabu binti yangu hapatikani, naomba simu. Hakuniuliza eda wala nini. Kaniletea simu na kiti. Nimepiga nambari ya Shemsa kwa simu ya watu. Mlio mrefu, kisha kimya. Basi simu yangu nzima.

Akataka ninywe kahawa. Nimeshindwa kukaa. Nikikaa nitasema.

Nimerudi nikaingia chumbani. Nimejaribu kumwomba Mungu na kila dua inaishia kwenye neno moja, wasiwe wamelala. Khalfan mkubwa nilimuuguza miezi miwili, nikamfumba macho mwenyewe, sikuwa na deni kwake. Huyu mdogo sijamshika hata mara moja na huenda nimemuua. Naandika hivi ili niache kulisema kwa sauti.

Jumatatu, 25 Desemba

Saa tano kasoro. Nilikuwa nimekaa kando ya simu tangu sala. Ilipolia nilishindwa kuinyanyua. Ikakatika. Ikalia tena.

"Mama."

Nikamuuliza mtoto. Mzima, ananyonya. Nikamuuliza makaa.  Nikamuuliza tena, nikamwambia yazime, fungua madirisha, nilikosea. Nilikuwa napiga kelele.

"Sikuwasha, Mama. Sijawahi kuwasha."

Kanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto. Mkunga wa huko alikiona chetezo wiki ya mwanzo akamwonya, nyumba hizi zimefungwa, makaa ndani yanaua. Shemsa akakiweka kabatini. Hakutaka kunivunja moyo. Kila nilipouliza kama anajifukiza, akasema ndiyo. Na Ijumaa kaenda akasimama sebuleni kidogo, karudi kwenye simu akaniambia amewasha, ili nipate kulala.

Alivyokata simu akamgongea ukuta bibi wa nyumba ya pili. Bibi huyo anakaa peke yake, ana meko ya zamani ukutani yenye dohani ya kutolea moshi. Akaja na koleo, akachimba theluji kutoka mlango wake hadi wa Shemsa. Siku tatu wamelala mbele ya moto wake, yeye, Shemsa na mtoto. Simu za mtaa mzima zilikuwa zimekufa.

 Wiki tatu nzima mwanangu ananidanganya kwamba anafuata ninayomwambia. Iliniuma, siwezi kukataa. Nimeumia na nimeshukuru kwa pumzi ile ile. Lau angekuwa binti mtiifu leo nisingekuwa na mtoto.

Akasema nimsamehe, na kwamba angalau alijua sikuwa peke yangu katika wasiwasi huo, nilikuwa na Shangazi Zuwena na watu.

Hapo nikamwambia. "Shemsa, hapa hapana mtu. Tangu hitima ya baba yako hapana mtu. Nnakaa na televisheni."

Nilidhani simu imekatika. Kumbe analia. Nami nikalia. Tumelia hivyo, hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

Jumanne, 26 Desemba

Nimelala mpaka saa tatu. Nimeoga. Hilal bado yuko baharini lakini helikopta zimeanza kuruka. Zuwena kapiga, kasema amesikia kwamba nilionekana nje. Nimemwambia ndiyo. Akangoja nieleze. Sikueleza.

Alhamisi, 28 Desemba

Upepo umetulia, hapa na kule. Mishale imehamia Urusi. Nimezima kabla bwana wa utabiri hajamaliza.

Shemsa sasa anapiga kila siku baada ya asri. Hatuna mengi ya kusema. Zamani tulikuwa na mengi, yale ya uongo. Leo kaniambia anachemsha maziwa, na mimi nikamwambia nimechoka na nyumba hii. Akasema najua. Basi.

Kisha akaiweka simu juu ya mto, karibu na Khalfan aliyelala, akaenda kutazama maziwa yake. Nikaweka kiti vizuri. Mtoto ana mafua kidogo, pua inakoroma. Pumzi inaingia, inatoka. Nimekaa namsikiliza. Shemsa amechelewa kurudi na mimi sikumwita.