Moduli ya Kunasa Maneno ya Watu

Mama Kerubo,

Natumaini mmeamka salama hapo Sironga, na kile kifua cha mama yangu kimepata nafuu. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hautulii. Barua hii nimempa dada mmoja wa Kiogoro anayeondoka leo kwa likizo, kwa sababu simu yangu ni ya kampuni.

Unajua kazi yangu huku ughaibuni ni kutunza seva, kompyuta kuu ambayo wafanyakazi wa ghala huitumia kuandikiana. Juzi bosi alinipa msimbo wa moduli, yaani kipande cha kuongezea seva uwezo, akataka niukompaili, niugeuze kuwa programu inayofanya kazi, kisha niipachike moduli hiyo kwenye seva. Nikausoma kwanza. Kazi yake ni kunasa kila ujumbe wa faragha na kumpelekea yeye. Amesikia vijana wetu wanapanga kwenda pamoja kudai pasipoti zao alizozishikilia, na wanaandika kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani. Akanipiga begani: "Wewe ni wa kwao. Utatusomea."

Mke wangu Kemunto, anayewaongoza ni kaka yako Ombati.

Niliijaribu mbele yake. Ikagoma, makosa yakajaa kwenye skrini, maana imeandikwa kwa toleo la zamani la seva. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Halafu nikaliona kosa lenyewe: mstari mmoja tu, ukiurekebisha inakubali. Nikamwambia haiwezekani. Sasa kila asubuhi anakuja kusimama nyuma ya kiti changu, nami nakompaili upya kitu ninachojua kitakataa. Naogopa, sikufichi. Jumatatu analeta fundi mwingine, na huyo hatachelewa kuuona ule mstari.

Ombati siwezi kumwambia. Unaujua mdomo wake, atafoka hapo hapo ghalani na sote tutaondoka na pingu. Mpigie wewe ukishasoma hii. Usitaje seva, usinitaje mimi. Mwambie umemwota vibaya, aache kuandikaandika, wenzake awatafute ana kwa ana. Ndoto zako huwa anaziheshimu.

Nisalimie mama, na mzee wa kanisa aniombee bila kuuliza sababu. Kerubo mwambie baba anamkumbuka kila siku. Nikitokea hapo ghafla bila hata sanduku, watu watasema kazi ilinishinda. Waache waseme. Wewe ujue niliiweza.

Mumeo,
Baba Kerubo