Breki ya Mguu wa Kulia

Jumamosi

Umeme umekatika tena, na leo ulinikera kweli, kwa sababu mume wangu, Papa Daniel, hatimaye alikuwa anacheka.

Tangu daktari atoe plasta, amekataa kuukanyagia ule mguu aliouvunja barabarani. Nimembembeleza, nimemgombeza, bure. Mchana mdogo wangu Furaha alituletea mchezo wake wa video: pikipiki za miaka ijayo zinapaa juu ya mji, na madereva wanapigana kwa minyororo huku wakishindana mbio. Papa Daniel, dereva wa teksi-moto miaka yote hii, akashika manette, kile kidude cha vitufe cha kuchezea.

"Shemeki, mupige! Usimuachie njia!" Furaha alipiga kelele.

Kila kona kali, mguu wa kulia, ule ule uliovunjika, ulikandamiza sakafu kwa nguvu, kama anafunga breki ya pikipiki. Niliona, nikamwacha acheze mpaka umeme ulipokatika.

"Papa Daniel, mguu haikuumi?"

"Mguu gani?"

Akautazama pale ulipokanyaga sakafu. Kisha akashika bega langu, akasimama, tukatembea polepole mpaka mlangoni.

Najua sasa atataka kurudi barabarani, na hilo naliogopa. Lakini mlangoni aliliachia bega langu, akasimama kwa miguu yake miwili.