Kaza Avuka Daraja

Jumapili, 11 Oktoba 1992

Misa, kisha mchezo. Ile console ya michezo aliyoleta kaka Arsène kutoka Ubelgiji bado inafanya kazi — ajabu! TV ya papa wangu inatoa rangi ya kijani tu, lakini tumezoea. Kazadi wa nyumba ya pili ndiye anayesoma, maana mchezo wote ni Kiingereza, na baba yake, Mwalimu Nicolas, anafundisha Kiingereza. Mimi nashika manette, nabonyeza vitufe vyake na kupiga mazimwi. Majina yanakubali herufi nne tu: yeye ni mganga KAZA, mimi ni shujaa MARC. Marceline mzima nimekuwa mwanaume! Kazadi alicheka hadi mama akaja kuchungulia.

Sharti lake ni moja: mchezo ukiuliza swali, bonyeza yes. Anasema no haijawahi kufungua mlango wowote. Imebaki ngome ya mwisho. Tumehifadhi mchezo mlangoni pake, tumalize Jumapili ijayo.

Jumanne, 13 Oktoba

Vijana wamepita avenue yetu wakisema Wakasai wote warudi kwao. Kwao wapi? Kazadi amezaliwa hapa hapa Likasi, hospitali moja na mimi. Hata baba yake kazaliwa hapa. Mkoa wa Kasai wa babu zake anaujua kwenye ramani tu, kama mimi.

Jioni chef d'avenue, mkuu wa mtaa wetu, aliita mkutano wa wababa. Papa alikwenda amevaa koti. Aliporudi hakula.

Jumatano, 14 Oktoba

Wameondoka. Mwalimu Nicolas, mke wake na Kazadi, magodoro juu ya mkokoteni wa pousse-pousse, kwenda gare kungoja treni pamoja na Wakasai wengine wote. Papa alikuwa kazini, hakuwaona. Mama alisimama mlangoni, kitenge mdomoni.

Kazadi alipita karibu yangu, akaniambia nimalize mchezo bila yeye, nije kumweleza mwisho. Nikasema sawa. Sawa! Nampenda, na neno nililopata ni sawa.

Ijumaa, 16 Oktoba

Nimemaliza. Sitaki kuandika.

Jumamosi, 17 Oktoba

Basi, naandika.

Zimwi la mwisho lilikufa bila shida. KAZA aliniponya kila nilipojeruhiwa. Bila yeye ningefia mlangoni. Akatokea mfalme, na maneno mengi nisiyoyaelewa, na chini yake yes na no. Nikabonyeza yes kama nilivyofundishwa. Muziki ukapanda. Watu wote wa mji wakatoka kucheza, mashamba yaliyokauka yakaota mimea tena. Na KAZA peke yake akaanza kutembea. Akavuka daraja, akatoka kwenye kioo cha TV. Hakugeuka. Nilibonyeza kila kitufe ili nimfuate, lakini MARC alibaki amesimama tu katikati ya sherehe.

Nililia. Mtu mzima, kwa ajili ya vidoti vya kijani! Mama aliuliza nani amekufa. Nikasema hakuna, ndipo nikalia zaidi.

Leo nimekwenda gare na ugali wetu wa bukari na samaki wa ziwa Tshangalele. Watu wamelala hadi kwenye reli. Mashuka yamekuwa nyumba. Kazadi amekonda sura, anakohoa. Hata salamu hakumaliza, akauliza mwisho ulikuwaje. Nikamweleza. Akataka maneno ya mfalme. Nilikumbuka vipande vipande, nikavitamka Kifaransa-Kifaransa. Alicheka, akanirekebisha. Kisha kicheko kikaisha.

— Inauliza hivi: tumufukuze uyu mganga, inchi ipone? Na weye ulijibu nini?

— Nilijibu yes.

Alitazama chakula. Nikasema ni yeye aliyenifundisha hivyo. Akasema anajua. Nilitamani ardhi inimeze, na samaki wangu. Mwishowe akaniambia nirudi nyumbani nijaribu no, yeye atanisubiri, treni yenyewe haiko.

Mwalimu Nicolas alinipa salamu nimfikishie papa. Miaka yote wameimba chorale moja ya kanisani, bega kwa bega. Nilipozifikisha, papa aliondoka mezani.

Jumapili, 18 Oktoba

Sikwenda misa. Niliwasha mchezo pale tulipohifadhi. Ngome, zimwi, mfalme, swali. No. Mfalme akatikisa kichwa, akasema maneno mafupi, swali likarudi lile lile. No. Lile lile. Nikangoja kidogo, labda anataka kufikiri. No. Lile lile.

Papa karudi kutoka kanisani, akakaa nyuma yangu bila kuvua viatu. Akauliza nafanya nini. Nikamweleza yote, na swali lenyewe. Halafu akaanza kusema juu ya mkutano wa Jumanne, na mimi sikumuuliza. Kwamba walimuuliza kila baba: nyumba ya Mwalimu iondoke, ndiyo au hapana? Alisema ibaki. Wakauliza tena, wakamtajia kazi yake. Alisema ibaki. Wakauliza tena, wakataja jina langu.

— Mwisho nilisema ndiyo, mama. Minye papa yako, nilisema ndiyo.

Sikugeuka. Namchukia na namhurumia, vyote pamoja, na sijui nivipeleke wapi.

Mama ameingia sasa hivi, anasema treni imetoka Lubumbashi asubuhi. Watu wote wanakusanyika gare kuingojea. Natakiwa kukimbia. Nitakimbia — lakini nimwambie nini? Nifike na jibu lipi?

No.

Kidole gumba kinauma. Papa amenyoosha mkono azime console, nimeusukuma. Baba yangu, na nimeusukuma mkono wake.

— Itaulizaka tu, mutoto yangu, papa amesema polepole. Ile kintu haichokake.

Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto uko kwenye manette. No. Mfalme anatikisa kichwa. Swali limerudi