Asumini Harudi

Jumatatu, 5 Mei
Nimeshafagia, nimeshaswali. Redio imesema tarehe tano. Nabonyeza hapa pekundu, kama Mwalimu Salima wa nyumba ya pili alivyonionyesha, nasema, simu inashika. Kusoma sijui. Kusema ndiyo najua. Leo siku ya arobaini na tatu ya eda. Nguo nyeupe zilezile, kuta zilezile, Mikindani yote iko nje, mie ndani. Marehemu mume wangu alikuwa akiniambia, "Esha, mdomo wako haufungi duka." Sasa hakuna wa kunikataza. Kimya kinaniudhi.

Jumatano, 7 Mei
Mwalimu kasema yule mtu wa kuchapa vitabu, aliyempigia simu habari za hadithi yangu, anatoka Dar, anafika Jumamosi ya wiki ijayo. Anakuja kuchukua madaftari sita. Hadithi yangu hiyo. Asumini, mke wa mtu pale Kitaya, mume anampiga, siku moja anapanda mtumbwi, anavuka Ruvuma, harudi tena. Niliitunga nikibangua korosho. Moshi machoni, yale mafuta ya ganda yakinibabua vidole, alama ninazo. Korosho za siku hizi zinabanguliwa kwa mashine, vidole vya wasichana laini kama mkate. Nilikuwa nasema nini? Eeh. Marehemu alikuwa karani wa duka la Muhindi. Ijumaa mchana duka likifungwa, anakaa mkekani, mie nasema, yeye anaandika. Miaka mitatu. Halafu ananisomea. Hakukosea neno. Nilimpenda kwa hilo kuliko kwa lolote.
Nimemwomba Mwalimu anisomee kabla hayajaondoka.

Alhamisi, 8 Mei
Mwalimu kasoma mawili. Maneno yangu yote. Kaondoka. Mbuzi wa watu kaingia uani, nimeongea naye mpaka akachoka.

Jumapili, 11 Mei
Leo tumefika la sita. Asumini yuko katikati ya mto. Mara anamwambia mwenye mtumbwi ageuze. Anarudi Kitaya, anapiga magoti, anamwomba mumewe radhi.
Nikasema, "Mwalimu, umeruka ukurasa."
"Sijaruka, Bi Esha."
"Hebu rudia."
Karudia. Magoti yaleyale.
Sasa nakumbuka. Daftari lile marehemu alikuwa ananisomea akinitazama usoni. Kurasa hafunui. Nikadhani mapenzi, hadithi yangu ameishika moyoni. Kumbe kinywani alikuwa na maneno yangu, mkononi ana yake.

Jumatatu, 12 Mei
Mjane anamwombea mumewe. Nimeomba nina hasira. Sijui kama inapokelewa.
Wifi Mwanaisha, dada yake marehemu, kaniletea mihogo kama kila siku. Nikamwambia mwisho nautengeneza, na kitabu kitatoka kwa jina langu. Kacheka.
"Jina lako? Kalamu umeishika lini, wewe?"
"Na kaka yako mimba aliibeba lini? Mbona watoto wote wanaitwa kwa jina lake?"
Kaacha mihogo mlangoni, leo hakunimenyea.

Alhamisi, 15 Mei
Sikulala vizuri. Marehemu hakunipiga hata siku moja. Aliogopa nini? Kila nilipomfikisha Asumini mtoni, kalamu ilikuwa inasimama. Nikimwambia andika, anasema wino umekwisha. Wino gani, kalamu mpya.
Nitasema, hakuna anayesikia. Mwaka ule nilifunga furushi la kanga zangu mara mbili, niondoke. Nikafika barabarani. Nikarudi kupika. Nilidhani hajui.
Kwa hiyo magoti yale ni yangu. Ndiyo maana yanauma. Lakini Asumini simrudishi. Mie nilirudi, anatosha mmoja.

Jumamosi, 17 Mei
Kaja yule mtu wa Dar, kaletwa na Mwalimu. Kakaa barazani, mie nyuma ya pazia, mwenye eda hakai na wanaume wa nje. Wifi kakaa pembeni yake kama askari.
"Pole kwa msiba, mama. Marehemu alikuwa mwandishi hodari."
"Alikuwa na mwandiko hodari. Mwandishi ni mie."
"Msikilize!" Wifi huyo. "Hata barua hasomi!"
Nikaanza pale mtumbwi unapoachia ukingo. Maji ya rangi ya chai, viboko wamenyanyua masikio, Asumini kaipa Kitaya mgongo. Sikupumzika. Kalamu yake nikaisikia inakwaruza karatasi. "Polepole, mama, mkono unachoka." Nikampeleka Asumini mpaka ng'ambo, nikamtua furushi lake kichwani, nikampa jembe, kapanda mihogo yake. Basi. Adhana ya alasiri ikaingia.
Yule bwana kapanga karatasi zake. Kisha, "Mwanamke wa huku aliyetunga riwaya sijapata kumsikia."
"Leo umemsikia. Kumwona hutamwona."
Kacheka. Kauliza jina la kuandika juu. Esha binti Selemani. Mwalimu kamtajia herufi.
Wifi kasimama. "Kaka yangu umemzika mara ya pili." Kaondoka.
Madaftari matano yamekwenda Dar na zile karatasi. La sita nimelizuia.

Jumapili, 18 Mei
Wifi hakuja. Mwalimu kaenda harusini. Nimepika kidogo.
Nimelifungua daftari la sita. Siwezi kusoma, naangalia tu. Mistari imenyooka. Pale pa magoti, aliponionyesha Mwalimu, marehemu kakandamiza kalamu, upande wa pili wa karatasi unapapasika.
Alitaka kuniambia nisiondoke. Hakuweza kusema. Akamwandikia mtu asiyejua kusoma.
Nilikuwa jikoni, baba watoto. Ungesema tu.