Radhi ya Kwenda Madeira

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kilifi
Alhamisi, tarehe 24 Julai 1986, saa nne na robo asubuhi

Jina: Khamisa binti Mahdi Abdulhalim
Umri: Miaka hamsini na miwili
Kazi: Mshona kofia. Zamani mfanyakazi wa dobi katika hoteli moja ya Watamu
Makao: Takaungu
Hali: Mjane

Mimi ndiye huyo Khamisa aliyeandikwa hapo juu. Sikuitwa na mtu, nimekuja kwa miguu yangu, na nataka yaandikwe kama ninavyoyasema. Konstebo Ndirangu anayeniandikia ameniuliza mara mbili kama haya si mambo ya nyumbani ya kumalizwa na wazee. Nimemwambia, mwanangu, pasipoti ile imeandikwa jina langu na serikali, haikuandikwa jina la nyumba. Akacheka, kisha akachukua kalamu.

Nilifanya kazi ya dobi miaka kumi na minane. Nilifua na kukunja shuka za watu waliokuja kupumzika. Wanatoka kwao, wanalala, wanaoga baharini, wanarudi kwao wamekuwa wekundu na wamefurahi. Mimi likizo yangu kila mwaka nilikwenda Takaungu kupaka chokaa nyumba ya mamangu, Mungu amrehemu. Nikawa najiuliza, huko kupumzika kwenyewe kukoje?

Mnamo mwezi wa Agosti 1983 alikuja hotelini mama mmoja Mreno, jina lake Lurdes, mtu wa kisiwa cha Madeira. Ilikuja dobi blauzi yake nyeupe iliyodariziwa shingo nzima kwa mkono. Nikakataa isitiwe kwenye mashine, nikaifua mwenyewe kwenye beseni. Kesho yake akashuka dobi kumtafuta aliyeifua. Alinikuta wakati wa chakula cha mchana nimeshika kofia natoboa vitundu. Akakaa kitako juu ya kikapu cha mataulo, akanyoosha mkono, nikampa. Huko kwao naye ni mshonaji. Hakujua Kiswahili, mimi sikujua Kireno, tukasemezana kwa sindano siku kumi na moja.

Tangu hapo ameniandikia barua. Aandika Kiingereza, na anayenisomea ni Jedida, karani wa mapokezi pale hotelini, msichana wa bara mwenye adabu zake. Mwaka jana nilipoacha kazi, Lurdes akaandika: njoo. Nikamwambia Jedida amjibu kuwa nitakuja, lakini sina uwezo wa kitajiri, basi tupange safari ya mtu wa kadiri yangu. Tulipanga miezi minane kwa barua.

Mpango ulikuwa hivi. Hoteli silali, nitalala kwa Lurdes kwenye chumba cha binti yake aliyeolewa. Kula, nitapika mwenyewe jikoni mwake, samaki wamejaa kule na wali nimeambiwa upo. Nyama na mvinyo wao wataniwia radhi. Kutembea ni kwa basi la watu, na kwa miguu kando ya mifereji ya maji waliyoichonga milimani, ambako hutozwi hata senti. Milimani kuna ukungu, kwa hiyo Jedida ameniazima sweta lake. Ndege ni Jedida aliyeigundua: ndege za kukodi zinazoleta watalii Mombasa wakati huu hurudi Ulaya viti vitupu, na viti hivyo huuzwa rahisi. Kutoka huko ni ndege mbili ndogo. Naondoka Jumamosi hii tarehe 26, narudi tarehe 9 Agosti. Idi ya kuchinja itanikuta kwangu.

Ijumaa tarehe 18, baada ya sala ya adhuhuri, nilitoka nyumba hadi nyumba kuomba radhi. Kwetu mtu haendi safari ya mbali kimya kimya. Nilisema kila mlango maneno yale yale: nasafiri, nikiwa nimekukosea kwa kujua ama kwa kutojua, niwie radhi. Wote waliniwia radhi, wengine kwa machozi. Mimi nikaona, loo, kumbe napendwa hivi! Sikujiuliza machozi yote hayo ni ya nini.

Kosa langu ni moja na ninalikubali. Huu ni mwezi wa Mfungo Pili, mahujaji ndio wanafunga mizigo. Mjane wa miaka hamsini akija mlangoni mwako mwezi huu kuomba radhi, huulizi aendako. Hakuna aliyeniuliza. Mimi nami sikutaja, kwa sababu kwangu lilikuwa jambo linalojulikana, nimelisema kisimani tangu Ramadhani. Wenye kusikia walidhani nafanya mzaha.

Jumapili tarehe 20, saa tatu asubuhi, alikuja Bi Hindu, jirani wa nyumba ya tatu, bibi wa watu aliyepita miaka themanini. Alibeba bahasha ya nguo. Nilipompokea na kuifungua nikakuta kitambaa cheupe kipya, kimekunjwa vizuri. Ilikuwa sanda yake mwenyewe. Akaniambia, "Mwanangu Khamisa, niloweshee kwa maji ya Zamzam, uniletee."

Ningeweza kunyamaza. Ningeichukua sanda ile, nikairudisha na maji ya bomba, asijue mtu. Wallahi sikufikiri hivyo hata kidogo. Nilimkalisha kitandani, nikamshika mikono, nikamwambia, "Bibi, mimi siendi Makka. Naenda kisiwa cha Wareno, kutembea." Akaniuliza, "Kutembea kufanya nini?" Nikasema, "Kutembea tu, bibi." Akachukua bahasha yake, akaondoka bila kuaga. Hilo ndilo lililoniuma katika mambo yote haya, na liandikwe.

Hadi adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umejua. Wakasema nimewaibia dua. Wifi yangu Jaha alisimama uani kwangu akaniita mdanganyifu mbele ya watu. Nikamjibu mbele ya watu hao hao: nani nilimtajia Makka? Ajitokeze. Hakujitokeza mtu.

Jumatatu tarehe 21, baada ya magharibi, alikuja kaka yangu mkubwa Mbaruk, mume wa Jaha, mwenye duka la vifaa vya baiskeli hapa Kilifi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakataa kahawa. Alisema nimetia nyumba aibu. Alisema, "Mjane haendi kutembea." Alisema, "Tena kwa Wareno, waliotupiga mizinga!" Nikamwambia mnara wao uko Malindi mpaka leo, na hakuna aliyewauliza walikuja kwa radhi ya nani. Mimi nakwenda kwao na radhi za mtaa mzima na tiketi ya kurudi.

Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na ukifia huko, Khamisa, nani atakuosha?" Swali hilo nimejiuliza mwenyewe usiku mwingi. Nikamwambia, "Na nikifia hapa sijakwenda, kaka, hii hamu utaniosha ikatoke?" Akainuka akaenda zake.

Jana, Jumatano tarehe 23, nilikwenda Mombasa kuchukua tiketi. Niliondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, nikarudi saa kumi na nusu alasiri. Pasipoti nilikuwa nimeiacha ndani ya kasha langu na kulifunga. Nilikuta kasha limefungwa vile vile, nguo zimekaa vile vile, pasipoti haimo. Ufunguo ulikuwa mahali pake, chini ya mbuzi ya kukunia nazi. Mahali hapo ndipo mamangu alipouweka tangu sisi wadogo. Wanaopajua duniani ni wawili, na mimi nilikuwa Mombasa.

Nilikwenda kwa Mbaruk saa kumi na moja unusu. Hakukana, kwa hilo namshukuru, si mwongo. Alisema, "Ipo mahali salama. Utaipata Jumapili, ndege ikishakwenda." Nikamwuliza ipo kwa nani. Akasema, "Kwa mtu uliyemdanganya." Nikamwambia hapo umeniacha njiani, kwa sababu sikumdanganya mtu, kwa hiyo simjui.

Konstebo ameniuliza kama nataka kaka yangu ashtakiwe. Sitaki. Ndiye aliyenisimamia nilipofiwa, na watoto wake ni wanangu. Sitaki afungwe hata saa moja. Nataka kitabu changu kabla ya Jumamosi saa nne asubuhi, basi. Ameniuliza pia kama siwezi kungoja niende mwaka mwingine ili watu watulie. Mwanangu, nimengoja tangu nikiwa na miaka thelathini na nne nikikunja shuka. Hao watu watatulia lini?

Na liandikwe hili pia. Makka naitaka, na Mungu akinijaalia masharti yake nitakwenda, na siku hiyo nitalitaja jina lake mlango kwa mlango. Lakini kupumzika si dhambi, na sitaomba msamaha kwa kupumzika. Radhi niliyoiomba niliiomba kwa moyo safi. Asiyetaka kunipa tena aje aniambie usoni.

Nimeyasema haya kwa kinywa changu, nimesomewa yote, na sirudishi neno.

Sahihi: (ametia sahihi kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu)
Khamisa binti Mahdi

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo Ndirangu, kwa Kiswahili, na kumsomea shahidi, naye akakubali kuwa ni sahihi.

Siku hiyo hiyo saa nane na nusu mchana, kabla sijaenda kumhoji Mbaruk Mahdi, alifika kituoni mama mzee aitwaye Bi Hindu wa Takaungu, akiwa ameshikwa mkono na jirani. Alikuwa na bahasha ya nguo. Ndani ya kitambaa cheupe alitoa pasipoti ya shahidi. Alieleza kwamba aliletewa jana mchana na Mbaruk ikiwa imefungwa kwa gazeti, akaambiwa aiweke mahali pasipoguswa na mtu hadi Jumapili, naye akaiweka ndani ya sanda yake. Leo asubuhi alisikia mtaani kilichopotea, akafungua.

Nilimwuliza kwa nini ameileta, na yeye ndiye anayesemekana kudanganywa. Alijibu: "Ijumaa alikuja mlangoni kwangu akaniomba radhi, nikampa. Nilimpa Khamisa. Sikuipa Makka."

Shahidi alikuwa bado kwenye benchi nje. Nilimkabidhi pasipoti mbele ya Bi Hindu. Walikaa pamoja muda mrefu, na shahidi alilia. Nilipomwuliza kama sasa anataka maelezo yafutwe, alipangusa macho kwa buibui akasema yabaki, kaka yake akitaka kuyasoma aje.

Mbaruk Mahdi hakushtakiwa. Jalada limefungwa.

Sahihi: Ndirangu, Konstebo
24/7/86