Mkono Mwingine kwenye Kamba ya Belmiro

Roseville, Point Loma,
San Diego, California.
9 Agosti 1959

Mpendwa kaka Anselmo,

Salamu nyingi zikufikie huko New Bedford. Natumai wewe, wifi Zulmira na watoto hamjambo, na kwamba mgongo wako unaendelea vizuri. Nilimsomea Mama barua yako, ile uliyosema baridi ya huko imekuingia mifupani. Pole sana. Kulala na maumivu ni kazi, hilo nimelijua mwaka huu.

Mimi ni mzima. Nakula, nafua, naamka. Mama naye hajambo, ila macho yamepungua na siku nyingine ananiita kwa jina la shangazi. Mwanangu Odília amehamia kwa bibi yake, mama yake marehemu mume wangu Belmiro. Sababu utaiona mbele.

Asante kwa shada la maua. Lilikuwa kubwa kuliko yote kanisani, na watu waliliona, kama ulivyotaka. Telegramu yako pia ilifika: "Poleni. Shemeji amekufa akifanya alichokipenda." Nimeisoma mara nyingi, kaka, na kila mara imenichefua. Wewe hukuwapo. Ngoja nikwambie alikuwa akifanya nini.

Ilikuwa Jumamosi ya tarehe kumi na moja Julai, asubuhi. Bahari ilikuwa shwari, maji ya kijani yanayoonyesha vizuri. Mimi na Belmiro tulikwenda na mashua yetu ndogo hadi ukingo wa nje wa mwani, palepale unapopajua, ambapo mashina yanatoka chini futi sitini na kutandaza majani juu ya maji. Manuel, ambaye Belmiro alizamia naye siku zote, masikio yake yalikuwa yameziba kwa mafua. Kwa hiyo mtu wa mashuani nilikuwa mimi, nisiyejua hata kuogelea vizuri.

Belmiro alizamazama kwa saa nzima, akitulia katikati ya mashina na kusikiliza korvina, wale samaki wakubwa, wakikoroma. Mara boya lake, lililofungwa kwenye kamba ya mkuki, likakimbia. Nikajua amepiga, na amepiga mkubwa, maana boya lilizama lote, likaibuka, likazama tena.

Yaliyofuata unayajua bila kuambiwa. Korvina akishapigwa hukimbilia mwanini, akajizungusha mpaka kamba ikafungana na mashina. Na nyama yake ni laini. Ukivuta kwa pupa mkuki unachomoka, samaki anakwenda kufia asikoliwa na mtu. Hakuna njia ila kumfuata chini kwa pumzi moja, ukakata shina, ukapanda, ukapumzika, ukashuka tena.

Alipopanda mara ya kwanza alikuwa anacheka. "Deolinda, huyu ni ndama," alisema. "Ndama aliyevaa magamba." Boya lilikuwa linagonga ubavu wa mashua, nikainama nilizuie. Kicheko kikamwisha. "Usiguse kamba. Usiguse chochote. Weka mikono mapajani niione."

Nikaweka mikono mapajani.

Unajua kwa nini alisema hivyo. Miaka sita iliyopita, mahali hapohapo, alimpiga korvina wa ratili sabini na moja. Wako, yule aliyekuwekea jina juu kabisa kwenye ubao wa rekodi wa Klabu ya Pumzi Moja, alikuwa na sitini na nane. Siku hiyo mtu wa mashuani ulikuwa wewe. Kamba ilipofungana ulinyoosha mkono ukaishika. Belmiro alimtoa samaki, akaja gatini anachekacheka kama bwana harusi. Mwenyekiti wetu, Fausto Brum, akakwambia uweke kiganja juu ya samaki, kama ilivyo desturi yetu kwa mtu wa mashuani, akakuuliza: "Kuna mkono mwingine?" Nawe ukajibu, mbele ya watu wote, "Upo. Wangu."

Ilikuwa kweli tupu. Sheria ni sheria. Mkono wa pili ukigusa kamba, samaki anabaki wa sufuria, haendi ubaoni. Lakini mpaka leo sijui kama ulishika ili umsaidie, au ulishika ili uje useme ulishika.

Kisha ukampa jina. Nishikie. Kila Jumapili, tukiwa mezani kwa Mama na supu yetu ya sukuma na soseji, unaanza: "Nishikie, kijiko hicho kizito, tukusaidie?" Anacheka Mama, anacheka Zulmira, na mimi mkewe nacheka kuliko wote. Belmiro alikuwa akitabasamu na kuchovya mkate. Mlipohamia New Bedford nilidhani jina litahama nanyi. Lilibaki hapa. Gatini, kanisani, kwa kinyozi. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, kaka, na nyumbani kwangu aliyeukoleza mzaha ule ni mimi.

Mara ya pili alikaa chini muda mrefu zaidi. Alipopanda hakucheka. Alisema samaki amejifunga kwenye mashina matatu, na yeye amekata moja. Alipumzika kidogo tu akarudi.

Mara ya tatu alipanda midomo imekuwa ya buluu. Alining'inia ukingoni mwa mashua, akakohoa mpaka nikaona aibu kumtazama. Miaka hamsini na moja, Anselmo. Mtu akikaa chini dakika mbili anatakiwa apumzike juu dakika nne, hata mimi najua. Nikamwambia, "Panda upumzike." Akasema, "Limebaki shina moja." Nikamwambia, "Shina halina miguu, litakungoja." Alikuwa anatazama boya.

Ndipo nikacheka, nikasema, "Au nikushikie?"

Nilikuwa natania. Niliisema kwa sauti yako, ile ya mezani, ambayo naiweza vizuri kuliko ndugu zetu wote. Sikutaka kumuumiza. Nilitaka akasirike apande mashuani tugombane kama watu. Aliniangalia, akarudisha miwani yake ya maji usoni, akashuka. Hakuwa amepumzika hata dakika moja.

Nilihesabu. Nilipofika mia na hamsini kamba ilikuwa inatikisika bado. Mia na themanini ikaacha. Nikangoja. Hilo ndilo sijamwambia mtu yeyote: nikangoja, kwa sababu nilikuwa nafikiria gati, na Fausto, na wewe. Nilifika mia mbili na ishirini ndipo nikaikamata kamba kwa mikono miwili nikavuta. Shina la mwisho alikuwa ameshalikata. Walikuja juu pamoja bila ubishi, samaki na Belmiro, mkono wake umepenya mashavu ya samaki hadi kiwikoni. Sikuweza kuwatenganisha, ikabidi niwaingize mashuani wote wawili, nguvu sijui nilizitoa wapi. Nilimpulizia pumzi. Nilimpiga kifuani. Nilimwita kwa jina lake, lile la ubatizo.

Nilikaa naye peke yangu hadi mashua nyingine ilipotuona. Muda huo wote nilikuwa nawaza, na kabla hawajatufikia nilikuwa nimeshamtoa mkono kwenye mashavu ya samaki. Niliyapasua mashavu kwa kisu.

Fausto hakutaka kumpima yule samaki. Alisema si adabu. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania. Jumapili mchana, Belmiro hajavalishwa hata suti ya kuzikwa, walimtundika korvina wake kwenye mizani ya gatini. Ratili sabini na nne. Wanaume walivua kofia. Nikaweka kiganja juu ya samaki, na Fausto akauliza mara tatu: "Kuna mkono mwingine?"

"Hakuna," nikasema. Mara tatu.

Nikawaeleza kwamba alimleta mwenyewe, akamsukuma mashuani kwa mikono yake, kisha akaanguka nyuma majini, ndipo nikamwopoa. Nikawaeleza kwamba kabla ya hapo sikugusa kitu, hata alipozama mara ya nne midomo ikiwa ya buluu. Wakachoma jina lake ubaoni kwa chuma cha moto, juu ya lako. Nilisimama pale mpaka moshi ukaisha. Samaki mwenyewe tulimla matangani. Watu walimsifu kwamba ana nyama tamu.

Sasa elewa nilichofanya. Ili samaki awe wa Belmiro, ilibidi mimi niwe mke aliyekaa tu. Mji mzima unajua kwamba nilimtazama mume wangu akishuka mara nne na sikunyoosha hata kidole. Kanisani benchi langu limekuwa pana sana. Wiki iliyopita mama mkwe Idalina alinikuta naanika nguo, akasimama upande wa pili wa kamba. "Ulikuwa na mikono, Deolinda," alisema. "Ilikuwa inafanya nini?" Nikamjibu kwamba ilikuwa mapajani. Akatema mate chini ya shuka langu akaenda zake.

Odília aliuliza mara moja tu. Ana miaka kumi na tisa na hajui kusema kwa kuzunguka. "Mama, hukumvuta alipokuwa chini?"

"Sikumvuta," nikamwambia.

Akafunga sanduku lake siku hiyohiyo. Nilimkunjia magauni, maana yeye hajui kukunja.

Basi, kaka, duniani tuko wawili tunaojua: mimi niliyeandika na wewe unayesoma. Ukitaka, mpelekee Fausto barua hii, mwandiko wangu anaufahamu. Watakwangua jina la Belmiro, lako litarudi juu, na mwanangu atajua kwamba nilimvuta baba yake, pengine atarudi nyumbani. Ulishawahi kusema kweli mbele ya mizani, haitakuwa mara yako ya kwanza. Ila safari hii utaisema dhidi ya maiti, na Point Loma yote itajua nani aliisema.

Ukikaa kimya, Belmiro atakuwa juu yako hadi ubao uoze, na mimi nitaendelea kula peke yangu. Nimelipima kila upande. Lolote utakalofanya, mmoja wetu huku atapata kitu, na wewe hupati chochote. Nilishtuka nilipogundua kwamba hilo linanifurahisha. Sikujua nina roho ya namna hiyo. Labda tuliinyonya pamoja kwa Mama.

Usije kunituliza. Wala usimwandikie Mama; siku hizi barua zake namsomea mimi.

Nisalimie wifi Zulmira, mwambie nimepokea kitambaa alichonishonea. Nisalimie Adelino na mdogo wake Filomena. Mama anakusalimu sana na anauliza utakuja lini. Nimemwambia unafikiria.

Mungu akulinde, akuponye mgongo, na akujalie pumzi ndefu kuliko aliyomjalia shemeji yako.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata sasa,

Deolinda