Maneno Kumi na Mawili Yaliyokaa kwa Shemeji

Likasi, Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Kabla ya neno lingine lolote, pokea salamu zangu mimi binti yako wa pili. Magoti yanaendeleaje na hii baridi ya kutoka ziwani? Na jicho la Mama, bado linaona ukungu, au ameanza kuwatambua watu wakiwa mbali? Ndakala mlizotuma, wale dagaa wa ziwa lenu, zimefika salama. Tumezila na ugali wetu wa bukari mpaka nyumba nzima ikanuka Kalemie kwenu. Huku sote tu wazima wa mwili.

Nasema wa mwili, Baba, kwa sababu mengine si mazima. Sikupigi simu kwa kuwa kwenye simu unasikia nusu, na nusu nyingine unajijazia mwenyewe. Tena kuta za nyumba hii ya dada yangu mkubwa, Yaya Bahati, ni nyembamba. Mume wake, Shemeji Ilunga, amesema atakupigia. Huenda ameshakupigia. Basi nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Unaijua kazi niliyoipata: nasikiliza sauti za watu wakizungumza Kiswahili cha huku, naziandika neno kwa neno kwenye kompyuta, na kampuni ya ng'ambo inanilipa. Aliyenitafutia ni Ngalula, mwenzangu wa kwaya, ambaye zamani alikuwa sekretari na sasa anafanya kazi hiyohiyo. Juzi kampuni ikatuambia haitatuma tena pesa kwa wakala. Italipa kwa dola za kidijitali, zile zinazokaa ndani ya simu, na kila mtu afungue pochi yake. Nilikuwa nadai kazi ya masika yote, Baba. Ndiyo pesa niliyowaahidi kwa upasuaji wa jicho la Mama.

Sikujua hata pa kuanzia. Shemeji akasema, "Leta simu." Unamjua, ni karani wa depo kule Kakanda, mashine hazimsumbui. Akabonyeza hapa na pale, mara skrini ikaleta maneno kumi na mawili ya Kizungu. Akachukua simu yake mwenyewe, akayapiga picha.

"Minye nitayachunga," akasema. "Weye Sifa unapotezaka vitu."

Nikamshukuru. Kwa simu yangu sikupiga picha, wala sikuandika kitu.

Jumatano, tukitoka mazoezi ya kwaya, nilimsimulia Ngalula kwa furaha kwamba pochi yangu iko tayari na maneno yake yamepigwa picha. Akasimama katikati ya njia.

"Ile picha iko ku simu ya nani?"

"Ya shemeji."

"Basi pochi ni ya shemeji yako. Weye uko mugeni mule ndani."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba ziko pochi ambazo kampuni inakutunzia, ukisahau neno la siri unawaomba wakufungulie, lakini siku wakifunga mlango wao nawe umebaki nje. Na iko ile ya binafsi, ambayo haina ofisi wala mtu wa kumlalamikia. Ina maneno yale tu. Mwenye maneno anaifungua kwa simu yoyote, popote alipo, na akihamisha pesa hazirudi. Wala maneno huwezi kuyabadilisha. Dawa ni kufungua pochi nyingine mpya na kuyaandika mwenyewe. Yangu ilikuwa hiyo ya binafsi, na anwani yake nilikwisha kuipeleka kwa kampuni. Malipo yalikuwa Ijumaa.

Shemeji si mwizi, nilijiambia. Ndiye aliyeezeka paa lenu. Lakini nilitembea hadi nyumbani nikihesabu mambo yote yanayoweza kumkuta mtu mwema akiwa na shida, na sikupata usingizi.

Alhamisi nilimuaga Yaya kwamba naenda parokia. Ngalula alikuwa ananingoja kwenye ukumbi wa nyuma. Nikamwambia, "Nifungulie pochi mpya." Akakataa kabisa. "Sitagusa simu yako. Nikigusa, kesho utanifikiria minye vile unamufikiria shemeji." Akageuza kiti chake, akanipa mgongo, akaanza kushona ukosi wa joho la kwaya.

Basi nikaanza peke yangu. Nilipotafuta programu ya pochi kwenye duka la simu, zikatokea mbili zenye alama ileile, rangi ileile. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya ya kwanza. Nikamuuliza mgongo wa Ngalula. Akasema nisichukue yoyote. Niende kwanza kwenye ukurasa wa waliotengeneza pochi yenyewe, nipitie humo. Nilipopitia humo, ikanipeleka kwenye ile ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya matapeli.

Maneno yakaja. Nikayaandika kwa kalamu, polepole, na betri ilikuwa karibu kuisha kwa sababu mtaa wetu haukuwa na umeme tangu asubuhi. Ili kunipima, simu ikaniuliza neno la nne, nikajibu, ikakubali. Ikaniuliza la tisa, nikajibu, ikakataa. Nikajibu tena, ikakataa tena. Kumbe mwandiko wangu mwenyewe ulinidanganya, herufi moja nimeiandika kama nyingine. Nikarudi mwanzo, nikasahihisha, ikakubali.

"Sasa ifute," Ngalula akasema bila kugeuka.

"Nifute nini?"

"Pochi. Ifute yote, kisha uirudishe kwa maneno yako. Heri ujue leo, ikingali tupu."

Nilifuta. Humo hamkuwa na hata senti. Nikaingiza neno la kwanza, la pili, mpaka la mwisho, na pochi ikarudi na anwani ileile. Hapo Ngalula akageuka, akanipa soda yake iliyobaki nusu.

Nikaiandikia kampuni kwamba anwani imebadilika. Hawakujibu jioni ile. Ijumaa asubuhi hawakujibu. Kila mara simu ya Shemeji ilipolia, nilitega sikio. Mchana mama mmoja wa kampuni akapiga kwa video, aone uso wangu, aniulize kama ni mimi mwenyewe niliyebadilisha anwani. Nilijifungia jikoni, nikajibu kwa sauti ya chini, "Ndiyo, madame, ni mimi." Kabla jua halijazama pesa ilikuwa imeingia kwenye pochi mpya.

Tulipokaa kula, Shemeji akamega bukari, akasema bila kuniangalia, "Sifa, bale ba kazi yako habajakulipa?"

"Kwa nini unauliza, shemeji?"

"Iko Ijumaa. Na mule hamuna kitu."

Yaya akanyanyua kichwa. "Mule wapi?"

"Mu pochi yake. Nafungulaka kila siku kuangalia. Kwa kumulinda."

Baba, sikuwa nimemwambia siku ya malipo. Nikamjibu kwamba pesa imefika, ila imefika mahali pengine, na maneno ya huko nayajua mimi tu. Akasukuma sahani.

"Unaniita mwizi mu nyumba yangu?"

"Sijakuita mwizi. Hata angekuwa Baba ningefanya hivi."

"Basi nitamupigia huyo Baba, ajue ni mutoto gani alinitumia!"

Nilidhani Yaya atanikemea. Akafuta mikono, akamtazama mumewe kwa upole ulionitisha.

"Na carte yangu ya banki?" akasema. "Ya mushahara wangu wa ualimu. Ulisema unailinda tangu tuoane. Iko wapi?"

Shemeji alitoka, hatukumsikia akirudi. Asubuhi hii, kabla ya misa, kadi ilikuwa kando ya kikombe cha Yaya. Alipomuuliza nambari ya siri, akavaa viatu, akaenda zake. Akiwa mlangoni amenitaka mimi nihame mwezi ukiisha. Ngalula ana chumba, nimekubali.

Shemeji akipiga simu, msikilize, ana mema yake mengi kwetu. Ukitaka nimwombe radhi kwa sauti niliyotumia, nitapiga magoti. Ukitaka nimpe maneno, Baba, hilo sitaliweza.

Pesa ya jicho itawafikia kwa mkono wa padri anayesafiri wiki hii, nikishaibadilisha kuwa taslimu. Yaya, yeye, miaka yote hii hajui nambari ya kadi yake. Kesho tunakwenda benki wawili, ameshapiga pasi gauni lake la kazi.

Msalimie Mama, mwambie asikune jicho. Msalimie shangazi wa sokoni, kaka yetu wa bandarini na mkewe aliyejifungua, na katekista aliyenifundisha kusoma. Mungu awatunze hadi tuonane uso kwa uso.

Ni mimi binti yako,
Sifa